Marehemu wa Bledi ya Kumi na Sita

Sogeeni ndani, viti vipo, na aliyekosa kiti akae mkekani, maana habari hii haisimuliwi mtu akiwa amesimama mlangoni. Ni habari ya nchi ya Kinyamkera, nchi ambayo ninyi hamuijui wala hamjapata kuisikia. Kama humu kuna mtu ataona inafanana na nchi yoyote anayoifahamu, hayo ni macho yake, ayatunze.

Kinyamkera ilinunua mashine. Si ya kusaga wala ya kufyatua tofali. Ni kabati la chuma lenye vyumba kumi na sita, na kila chumba kinachomekwa bledi moja. Bledi ni kompyuta nyembamba kama daftari kubwa la mahudhurio. Haina kioo, haina kibodi, kazi yake ni kutunza mambo ya watu na kuyatoa yakiulizwa. Zikiwa kumi na sita kabatini zinaishi kama wapangaji wa nyumba moja: umeme mmoja, feni zile zile, na lango moja la kutokea kwenda mtandaoni. Basi, hakuna zaidi. Mtu wa kawaida analielewa jambo hili kabla chai yake haijapoa. Serikali ya Kinyamkera ililielewa baada ya miezi mitano, na ikalielewa vibaya.

Kabati liliposhuka kwenye ndege lilipokelewa na bendi ya matarumbeta, likavishwa shada la maua, likapelekwa ukumbi wa wageni mashuhuri. Huko lilikaa siku kumi na tisa, kwa sababu Mkuu wa Itifaki, Bwana Mapande, hakuweza kuamua lina cheo gani, na kitu kisicho na cheo katika Kinyamkera hakiruhusiwi kupita barabarani. Mwishowe likapewa cheo cha Naibu Balozi. Likapata pikipiki mbili za mbele, na kufikia adhuhuri likawa limefika kituo cha data, ambako Siwatu Mbaruku alikuwa analisubiri tangu mwezi uliopita akiwa na bisibisi mfukoni.

Siwatu huyu ufundi hakuufundishwa darasani. Aliuokota kwenye meza ya kutengenezea simu, nje ya saluni moja ya Karafuuni, huku masikio yake yakisikiliza nani kaachwa na nani kachumbiwa. Nyumba yake haikukosa watu. Ukienda kumwazima chumvi unamkuta amekaa na kumi, na wewe unakuwa wa kumi na moja, na chumvi unaisahau. Wizara ya Mitambo na Shukrani ilimwajiri kwa sababu moja tu. Kijitabu cha maelekezo kilipogawiwa, wenye shahada zao walikipokea kwa mikono miwili na kukiweka kabatini kwa heshima. Siwatu akakisoma.

Na alikuwa na sababu ya kukisoma. Mama yake mkubwa, Bi Mtumwa binti Saburi, aliyemlea tangu ananyonya, alikuwa amekufa.

Msimpe pole bado. Bi Mtumwa alikuwa hai, mzima wa ulimi, akibandua chapati huku anasengenya. Amekufa serikalini. Ilikuwa hivi: kila mwaka, Siku ya Shukrani, wananchi wote wa Kinyamkera husimama uwanjani kumshukuru Mtukufu Baba Mlezi kwa mvua, na mvua isiponyesha, kwa jua. Makarani hupita na fomu, na matokeo huingizwa kwenye kompyuta kuukuu ya taifa. Fomu ile ina visanduku viwili. Kimoja kimeandikwa ALIHUDHURIA, cha pili MAREHEMU. Kamati iliyoitunga ilikaa ikafikiri kwa moyo safi kabisa, ikashindwa kuona sababu ya kuweka cha tatu.

Mwaka ule shukrani ziliangukia siku ya mafuriko. Watu elfu arobaini na moja wakabaki majumbani, wakafa.

Bi Mtumwa alibaki kwa sababu kidole cha mguu kilikuwa kinamuuma, na pia kwa sababu, kama alivyowaambia majirani bila kuulizwa, hakukumbuka alichotendewa. Alhamisi iliyofuata akaenda hospitali kuchukua sindano zake za sukari kama ilivyo ada. Dada wa dirishani akatazama kioo, akamtazama yeye, akasimama kwa adabu.

"Pole sana mama kwa msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wako."

Tangu hapo akawa anaishi kwa sindano za jirani, Mzee Chande, ambaye kisheria yu hai na ana sukari kama yeye. Wawili wakagawana dozi ya mmoja. Miezi minane. Kidole kikawa cheusi, mzee wa watu naye akaanza kuona ukungu, na kwenye friji ikabaki chupa ya wiki tatu, tena ukihesabu kwa ubahili.

Sasa mnaelewa kwa nini Siwatu alisoma kijitabu mpaka kurasa zikachakaa. Bledi moja kati ya zile kumi na sita ilipangiwa Daftari la Wagonjwa, ambalo hospitali zote zingelisoma badala ya lile kuukuu. Na ndani ya daftari hilo, kwa mikono yake mwenyewe, mchana kweupe, Siwatu alikuwa ameongeza kisanduku cha tatu. Alikiandika: YUPO HAI, HAKUHUDHURIA.

*

Kazi ya kulipanga kabati kama lile haizidi siku mbili kwa fundi aliyeshiba. Unachomeka bledi, unaipa jina na anwani, unaionyesha lango la kutokea, unaamua ni ipi ipunguziwe umeme kwanza siku umeme ukiwa mdogo, unawasha. Siwatu alikuwa amechomeka ya tatu wakati Bwana Mapande alipoingia na kuona, akashika ukuta asianguke.

Alitaka kujua vyumba vimegawiwa na kamati ipi. Siwatu akamwambia hakuna kamati, mashine haijali nani yuko chumba gani, mbele au nyuma ni sawa. Bwana Mapande alimtazama kama mtu aliyeambiwa mkwewe anaweza kukaa popote, hata jikoni. Bledi zikachomolewa. Kamati ya Meza Kuu ikaundwa, ikakaa siku kumi na moja, na wajumbe wawili hawasalimiani mpaka leo.

Chumba cha kwanza kikatolewa kwa Salamu za Mtukufu, bledi ambayo kazi yake yote ni kuwatumia wananchi salamu kila asubuhi. Cha pili, Salamu za Mama Mlezi. Cha tatu, siku za kuzaliwa za watoto wao. Cha nne, picha za hizo siku za kuzaliwa. Ikaendelea hivyo kushuka, kupitia mashemeji na mpishi mstaafu wa Ikulu, mpaka cha kumi na sita, kule chini kona ya kushoto, ambako likawekwa Daftari la Wagonjwa. Kila bledi ikabandikwa kibao cha shaba chenye jina.

Ikaja zamu ya anwani. Kwenye mtandao kila kitu kina namba yake, na Siwatu, kama mafundi wengi wafanyavyo, namba moja alilipatia lango, ile njia inayopitisha habari zote. Bwana Mapande akauliza, kwa sauti ya mtu anayejizuia, inakuwaje mlinzi wa getini awe namba moja na Mtukufu awe namba mbili. Siwatu akaeleza. Akachora mpaka ubaoni. Mwisho akasema haya, tujaribu ya kwenu.

Walijaribu siku mbili. Siku hizo habari zote za majaribio, kutoka ofisi yoyote, zilikwenda moja kwa moja kwa Salamu za Mtukufu na kukwama humo. Zimamoto walituma taarifa kwamba ghala la Wizara ya Kilimo linaungua, wakajibiwa, "Asanteni kwa kunikumbuka, nami nawakumbuka." Ghala likaungua lote, likiwa limekumbukwa. Siku ya tatu namba moja ikarudishwa kwa lango kimyakimya, na Mtukufu akapewa namba mia mbili, kwa maelezo kwamba ni kubwa zaidi.

Ikabaki orodha ya umeme. Siwatu akamkalisha Bwana Mapande kitini, akamwambia polepole, kama anayemwelekeza mtu njia ya kwao: umeme ukipungua, kabati halizimi bledi zote, linaanza na moja, kisha nyingine. Nani aanze?

"Mtukufu," Bwana Mapande akajibu bila kuinua macho.

"Kuzimwa, bwana. Hii ni orodha ya kuzimwa."

"Binti, Mtukufu hatanguliwi na mtu katika orodha yoyote. Andika wa kwanza, na wengine wafuate kama walivyokaa."

Alimuuliza mara ya pili. Akamuuliza ya tatu, mbele ya watu wanne. Kisha akamwomba aweke saini, na Bwana Mapande akaiweka, saini ndefu yenye mikia, na mhuri juu yake.

*

Wiki moja kabla ya uzinduzi, Waziri wa Mitambo na Shukrani, Mheshimiwa Kibwebwe, aliitisha kikao cha mwisho. Huyu alikuwa mtu mnene wa maneno. Alizungumza saa nzima juu ya bledi kuwa upanga wa maendeleo, na saa nyingine juu ya mwenye kuushika huo upanga. Halafu akasema amepata wazo akiwa anaoga. Katika vyumba vyote kumi na sita hakuna hata kimoja kinachopima makofi. Mtukufu akihutubia, taifa linajuaje limepiga makofi kiasi gani? Basi Daftari la Wagonjwa litolewe, pawekwe Kipimo cha Makofi. Wagonjwa wamesubiri miaka yote, wameshazoea.

Wajumbe wakapiga meza. Waziri akamgeukia Siwatu kwa tabasamu na kumwuliza ataiondoa leo au kesho.

"Siiondoi," Siwatu akasema.

Waziri akadhani hakusikia vizuri, akarudia swali kwa ufupi zaidi. Siwatu naye akarudia jibu. Akaongeza kwamba ndani ya bledi ile kuna watu elfu arobaini na moja wanaopumua, mmoja wao ndiye aliyembeba yeye Siwatu mgongoni utotoni, na anayetaka kuwatoa aje na bisibisi yake.

Karani wa kikao, mzee mmoja aitwaye Ngwali, aliyekuwa ameandika mihtasari ya wizara ile kwa miaka thelathini, alishikilia kalamu hewani. Fomu ya muhtasari ya Kinyamkera huja imeshapigwa chapa kiwandani: "Wajumbe wote walikubali kwa kauli moja kwamba ____." Mzee Ngwali alitafuta mahali pa kuliweka neno la Siwatu, juu, chini, pembeni. Hapakuwepo. Basi akajaza palipo na nafasi, na muhtasari ukasomeka kwamba fundi Siwatu Mbaruku amekubali kwa furaha. Waziri akausoma, akatua moyo. Kilichoandikwa ndicho kilichotokea. Kesho yake kibao kipya cha shaba kikapigiliwa chumba cha kumi na sita, KIPIMO CHA MAKOFI, na hakuna aliyefungua kutazama kilichomo, kwa sababu kibao kilikuwa kinang'aa.

Jioni ile Siwatu aliyamwaga yote sebuleni kwake, mbele ya nyumba iliyojaa mpaka ngazini. Bi Mtumwa alisikiliza huku kidole kimefungwa kitambaa. Akauliza huo uzinduzi ni lini. Akauliza tena kama wafu wamealikwa.

"Wafu hawaalikwi, mama mkubwa."

"Vizuri. Basi hatuna haja ya kadi."

*

Siku ya uzinduzi kituo cha data kilivalishwa vitambaa kama bi harusi. Palijengwa hema lenye viyoyozi sita, vipaza sauti thelathini, na picha ya Mtukufu yenye urefu wa ghorofa tatu, iliyotengenezwa kwa balbu. Vyote vikachomekwa kwenye njia ile ile ya umeme inayolisha kabati. Siwatu alikwisha andika barua nne kukataza. Barua zilipokewa na kushukuriwa.

Getini karani wa mahudhurio alikuwa na fomu yake ya visanduku viwili. Wakatokea watu wa Karafuuni, wamevaa nguo za sikukuu, mia tatu hivi, Bi Mtumwa mbele na fimbo, Mzee Chande kamshika mkono kama bwana harusi asiyeona vizuri. Karani akauliza jina, akatafuta kwenye orodha, akakunja uso.

"Bibi, wewe ni marehemu."

"Nimeambiwa."

"Siwezi kukuandika umehudhuria."

"Usiniandike. Nani kakuomba?"

Karani akageuza kurasa za kanuni. Zilimruhusu kumzuia mwananchi asiye na kadi, mgeni asiye na pasi, na mbuzi. Juu ya marehemu hazikusema kitu. Walipita mmoja mmoja, na kwa kuwa hawakuandikwa popote, maaskari waliokuwa wanahesabu watu kwa kutazama orodha waliona hema bado tupu.

Mtukufu Baba Mlezi akakata utepe. Kabati likawashwa, bledi zote kumi na sita zikatoa taa ya kijani, na kwenye kioo kikubwa ikatokea salamu yake. Kisha fundi wa mapambo akawasha ile picha ya balbu.

Umeme ukapungua kama maji ya bomba jirani anapofua.

Kabati likatenda lilivyoagizwa. Likatazama orodha yenye saini na mhuri, likaanza na wa kwanza. Salamu za Mtukufu zikazimika, neno likiwa katikati. Zikafuata za Mama Mlezi. Watoto. Picha za watoto. Watu wakawa wanaona taa za kijani zinakatika kwa mpangilio wa heshima, cheo kwa cheo, hakuna aliyerukwa, na Bwana Mapande, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuona itifaki ikifuatwa kwa ukamilifu namna ile, alikuwa anatokwa na jasho shingoni. Ilipofika kwa mpishi mstaafu, Waziri akakaa chini. Ikabaki taa moja, chini kona ya kushoto.

Kioo kikaandika kile pekee kilichobaki hai. Jina moja, likapanda juu, jingine likaja chini yake. MTUMWA BINTI SABURI, KARAFUUNI: YUPO HAI, HAKUHUDHURIA. Na mengine, na mengine, elfu arobaini na moja hayaishi upesi.

Mtukufu akauliza hao ni kina nani. Waziri akasoma kibao cha shaba, maana hakuwa na kingine cha kusoma, akasema ni waliompigia makofi.

Bi Mtumwa akainuka, fimbo ikigonga sakafu.

"Hatujapiga makofi, baba. Sisi tulikaa nyumbani."

Afande mmoja akapewa ishara, akaja na pingu, akamwuliza jina, akalituma kwa simu ya upepo. Jibu likarudi kutoka kwenye kompyuta kuukuu, na kila aliyekuwa karibu akalisikia: marehemu. Afande akasimama na pingu mkononi. Hati ya kukamata inataka mtu. Bi Mtumwa akamnyooshea viganja viwili, mifupa mitupu yenye hina.

"Nifunge, mwanangu. Halafu ukaandike umemkamata nani."

Mtu akacheka. Sijui nani alianza, kila nyumba ya Karafuuni leo inadai ni wa kwao, lakini marehemu mia tatu wakicheka hema haliwezi kustahimili. Mtukufu aliondoka na pikipiki zake kabla chakula hakijaandaliwa. Chakula kikaliwa.

*

Waziri hakula. Alikwenda mpaka chumba cha mashine na maaskari wawili na Mzee Ngwali wa kuandika, akaamuru taa ile ya mwisho izimwe. Siwatu alikuwa amesimama na mgongo wake kwenye kabati, na nywila ya kuliendesha ilikuwa kichwani mwake, si mahali pengine.

"Siizimi," akasema. "Hospitali zimeshaanza kuisoma. Atakayeizima aanze na mimi."

Waziri akamgeukia karani: andika kwamba amekubali. Mzee Ngwali alitazama fomu yake ya chapa. Aliitazama muda mrefu kama mtu anayeaga. Kisha akaigeuza upande wa nyuma, ambao kwa miaka thelathini ulikuwa mweupe tu, akaandika kwa herufi kubwa neno moja, AMEKATAA, akalikabidhi kwa mikono miwili.

Kumpiga Siwatu mbele ya waandishi wa habari waliokuwa bado wanatafuna haikuwezekana. Kumfukuza ilikuwa ni kupoteza nywila. Basi Waziri akachagua adhabu kubwa kuliko zote anazozijua. Kesho yake gazeti la serikali likatangaza kwamba Siwatu Mbaruku amefariki.

Ni Bwana Mapande aliyeligundua tatizo, siku tatu baadaye, alipotakiwa kuandika barua ya kumwamuru marehemu arejeshe nywila. Hakupata namna ya kuianza. Mfu hapokei amri, hahamishwi kituo, hashitakiwi, hastaafishwi, na hakuna kifungu cha kumtoa mahali alipo isipokuwa kwa mazishi, ambayo yanahitaji ridhaa ya familia. Familia iliombwa. Familia ikasema inafikiria.

Kwa hiyo Siwatu yumo humo kituoni mpaka leo, analinda bledi ya kumi na sita, na mtu akimpelekea umbea anaupokea kwa mikono miwili.

Alhamisi iliyofuata uzinduzi Bi Mtumwa alikwenda hospitali. Dada wa dirishani akatazama kioo, akamtazama yeye, safari hii hakusimama. Akampa sindano za mwezi mzima, akamwambia kidole kile akionyeshe kwa daktari leo leo. Bibi akapita kwa Mzee Chande akamrudishia chupa mbili, akarudi nyumbani, akapakua wali na samaki wa kukaanga kwenye hotpoti, akachechemea mpaka kituo cha data.

Mlinzi akamwuliza anakwenda wapi na chakula.

"Kwa marehemu," akasema. "Nipishe, kinapoa."